Taa ya Mjini Huwashwa na Kijito cha Kijijini

Tuanze na jambo ambalo wengi wenu mmeliona kwa macho yenu. Ni saa kumi za jioni. Mama amemtuma binti yake mashineni na debe la mahindi kichwani. Baada ya kitambo kidogo mtoto yule arudi nyumbani, na debe lake bado limejaa mahindi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umerudi upesi hivi? Unga uko wapi?"

"Mzee wa mashine asema umeme hakuna. Asema tujaribu kesho, au kesho kutwa."

"Na jana je? Si alisema hivyo hivyo?"

"Ndiyo mama. Asema ati maji yamepungua bwawani."

"Bwawa gani tena? Hapa kwetu hakuna bwawa!"

Swali la mama huyu ni zuri, nalo lastahili jibu. Maana siku hizi nguzo za umeme zimefika vijijini. Umeme husaga unga wetu, huvuta maji ya kisima, hutunza chanjo za watoto katika jokofu la zahanati, na huwapa wanafunzi taa ya kusomea. Zamani umeme ulipokatika mjini, sisi wa vijijini hatukuwa na habari. Leo ukikatika mjini, na sisi twalala na mahindi mabichi ndani ya debe. Kwa hiyo yafaa tujue umeme huu watoka wapi, na kwa nini mvua ikikosekana mahali pa mbali, mashine ya hapa kwetu hunyamaza.

MAJI HUWASHAJE TAA?

Labda utaniuliza: Maji ni adui wa moto, yawezaje kuwasha taa? Fikiri juu ya maporomoko ya maji uyajuayo. Ukisimama chini yake maji yakakuangukia mgongoni, utaona yana nguvu ya kukuangusha. Mafundi huyakamata maji kama hayo katika bomba kubwa, wakayateremsha kwa kishindo juu ya gurudumu la chuma lenye mapanga, ndilo liitwalo turbini. Gurudumu lazunguka, na mhimili wake wazungusha mtambo wa pili, jenereta, ambao ndani yake sumaku hupita mbele ya nyaya za shaba. Hapo ndipo umeme hutokea. Maji yenyewe hayateketei. Hutoka chini vile vile yalivyoingia, yakaendelea na safari yake mtoni.

Nguvu ya umeme huo hutegemea hasa mambo mawili: wingi wa maji, na kimo cha kuanguka kwake. Maji mengi yenye kuanguka kidogo, au maji machache yenye kuanguka kutoka juu sana, yote mawili yafaa. Lakini pasipo maji kabisa, hata mlima mrefu namna gani haufai kitu.

Tufanye hesabu ndogo. Pale Kidatu, katika mkoa wa Morogoro, maji ya Mto Ruaha Mkuu huanguka kimo cha meta 175 hivi, ndani ya mwamba. Kila pipa la lita 200 likianguka hapo hutoa umeme kidogo tu. Ili kupata yuniti moja ya umeme, ile ile unayoinunua kwa luku, yahitajiwa mapipa kama kumi na mawili. Sasa tuseme mashine ya kijiji chenu ina mota ya kilowati 15, nayo husaga kilo 300 kwa saa. Basi debe moja la mahindi hula karibu yuniti moja. Maana yake, ili binti yule arudi na unga, mapipa kumi na zaidi ya maji lazima yaanguke Kidatu. Na watu wenye madebe ni wengi, tena viwanda, hospitali na reli navyo vyangoja zamu yao.

BWAWA NI GHALA

Katika sehemu kubwa ya nchi ya kati na ya kusini mvua hunyesha msimu mmoja tu, tangu Novemba au Desemba hata Aprili. Miezi mingine yote ni kiangazi. Lakini watu hutaka umeme mwaka mzima. Twafanyaje basi? Twafanya kama tufanyavyo na mahindi. Mahindi huvunwa mara moja, tukayaweka ghalani, tukala kidogo kidogo mpaka mavuno mengine. Bwawa ni ghala la maji.

Kituo cha Kidatu kilianza kutoa umeme mwaka 1975, kikaongezwa mwaka 1980 hata kufika megawati 204. Lakini bwawa lake ni dogo, lachukua maji ya kutumika meta za ujazo milioni 125 tu. Hilo ni kapu, si ghala. Kwa hiyo likajengwa ghala lenyewe huko juu ya mto, mahali paitwapo Mtera, kwenye mpaka wa mikoa ya Dodoma na Iringa. Bwawa la Mtera laweza kuweka akiba ya meta za ujazo milioni 3,200, yaani mara ishirini na tano ya lile la Kidatu. Mwanzoni kazi yake ilikuwa kuitunzia Kidatu maji tu. Mwaka 1988 nalo likapewa mitambo yake ya megawati 80. Hivyo maji yale yale hufanya kazi Mtera, yakateremka, yakafanya kazi tena Kidatu.

Sasa sikiliza jambo la kushangaza. Mtera ikijaa kabisa, uso wa maji huwa meta 698.5 juu ya usawa wa bahari. Maji yakishuka hata meta 690, mitambo haina budi kusimama. Toa hesabu: ni meta nane na nusu tu! Tena bwawa lile ni pana sana, lenye eneo la kilometa za mraba zaidi ya 600, katika nchi ya jua kali. Jua hilo hunywa karibu meta mbili za maji kila mwaka, bila kulipa hata senti. Wewe mwenye ghala wajua habari ya panya na fukusi. Basi jua ndilo fukusi wa Mtera.

KUTOKA CHEMCHEMI HATA MITAMBONI

Maji hayo yatoka wapi? Tuufuate mto tangu mwanzo wake. Katika milima ya Uporoto na Kipengere, upande wa Mbeya na Njombe, ziko chemchemi nyingi ndogo ndogo, nyingine waweza kuzivuka kwa hatua moja. Vijito vyake hukutana vikawa mito: Chimala, Kimani, Mbarali na mingine. Kutoka upande wa Mufindi huja Ndembera. Yote huteremka katika tambarare ya Usangu, kwenye mashamba ya mpunga na malisho ya ng'ombe. Kisha maji huingia katika bwawa la asili lenye matete, liitwalo Ihefu, ambalo hunywa maji wakati wa masika na kuyatoa taratibu wakati wa kiangazi. Yakitoka hapo mto hupita ndani ya Hifadhi ya Ruaha, kwenye viboko na tembo, na ndipo hufika Mtera. Huko hukutana na Ruaha Mdogo utokao Iringa, na Mto Kisigo.

Umeona, msomaji? Taa iwakayo Dar es Salaam ina mzizi wake katika bonde dogo nyuma ya nyumba ya mkulima mmoja wa Uporoto, ambaye labda yeye mwenyewe anatumia kibatari. Na hali ni hiyo hiyo upande wa kaskazini. Vituo vya Hale, Nyumba ya Mungu na Pangani hutegemea maji yatokayo Kilimanjaro, Meru na milima mingine ya bonde la Mto Pangani.

MIAKA YA NJAA YA MAJI

Kwa muda mrefu nchi yetu ilitegemea maji kwa sehemu iliyo kubwa sana ya umeme wake. Mvua ikiwa njema, umeme ulikuwa rahisi. Lakini mwenye shamba moja hulia mara moja tu likikauka. Mwaka 1992, na tena 1994, maji yalipungua, umeme ukagawiwa kwa zamu. Mwaka 2000 vile vile.

Mwaka 2006 shida ilikuwa kubwa kuliko zote zilizotangulia. Mvua za 2005 zilikuwa haba, na Mtera ikashuka chini ya alama ile ya meta 690. Watu wa mjini walikaa nusu siku na zaidi bila umeme. Viwanda vilipunguza kazi, na vibarua wakarudishwa nyumbani. Madaktari walihangaika na majenereta ya dizeli. Wengi wenu mnakumbuka barua za watoto wenu walioko mjini, wakisema kazi imesimama na fedha za kutuma nyumbani hazipo. Ndivyo njaa ya maji ilivyofika vijijini, hata mahali ambapo waya wa umeme ulikuwa haujaonekana bado.

Tena mtu mwenye njaa hununua chakula kwa bei yo yote. Serikali ikakodi mitambo ya kuchoma mafuta kwa haraka, na haraka haina baraka. Mkataba mmoja wa mitambo hiyo ukaleta maswali mazito Bungeni, hata mwezi wa Februari 2008 Waziri Mkuu wa wakati ule akajiuzulu, na Baraza la Mawaziri likavunjwa. Nani angalifikiri kwamba kukosa mvua katika milima ya kusini kungefika hata kuitikisa serikali?

Mwaka 2011 zamu za umeme zikarudi. Mwezi wa Oktoba 2015 ikatangazwa kwamba vituo vya nguvu za maji vinafungwa kwa kuwa maji hayatoshi. Na mwishoni mwa mwaka 2021 mito ikapungua tena, umeme ukagawiwa, na huko Dar es Salaam hata maji ya bomba kutoka Mto Ruvu yakawa kwa zamu.

NANI MWENYE KOSA?

Panapokuwa na shida, kila mtu humnyoshea jirani yake kidole. Wa umeme husema: Wakulima wa mpunga wameyamaliza maji. Wakulima husema: Wafugaji wameikanyaga Ihefu. Wafugaji husema: Sisi ng'ombe wetu hunywa kidogo tu, tazameni mifereji ile! Na wote pamoja husema: Ni mvua. Tuyapime maneno haya kwa haki.

Ni kweli kwamba matumizi ya maji Usangu yaliongezeka sana. Shamba kubwa la Mbarali lilianzishwa katika miaka ya 1970, likafuata la Kapunga, na kandokando yake wakulima wadogo kwa maelfu wakachimba mifereji yao. Mpunga wa Usangu umelisha watu wengi na kusomesha watoto wengi. Lakini mfereji wa udongo huvuja, na mara nyingi uliachwa wazi usiku na mchana, hata baada ya mavuno. Zamani Ruaha Mkuu haukukauka hifadhini hata kiangazi. Mwaka 1993 ukakauka kwa mara ya kwanza, na tangu hapo ukawa unakauka karibu kila kiangazi, miaka mingine kwa miezi mitatu na zaidi. Viboko wakasongamana katika vidimbwi vya matope. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi walihamishwa Usangu pamoja na ng'ombe wao, na haikuwa safari nyepesi kwa jamaa hizo. Mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Hata hivyo mto uliendelea kukauka.

Lakini lipo jambo la pili ambalo watu husahau. Maji ya kiangazi ni machache. Hayo yakikauka, wanyama hufa na wanakijiji wa chini hukosa maji ya kunywa, na hilo ni baya sana. Ila kinachoijaza Mtera ni mafuriko ya masika. Masika yakiwa hafifu, ghala halijai, hata kama mifereji yote ingefungwa.

Na liko la tatu. Wataalamu walioichunguza hesabu ya maji ya mwanzo wa miaka ya 1990 waliona kwamba ghala lenyewe halikutunzwa vema wakati ule. Maji mengi mno yalifunguliwa kutoka Mtera, na mengine yakamwagika Kidatu bila kuzungusha gurudumu. Ni kama baba aliyevuna vizuri, akauza magunia mwezi wa saba bila kuhesabu midomo ya nyumbani, kisha mwezi wa pili akalaumu mvua.

Basi kosa si la mtu mmoja. Ukame ni mgeni ajaye bila kualikwa. Lakini kwamba atatukuta na akiba au bila akiba, hilo ni shauri letu sisi.

GHALA KUBWA NALO HUISHA

Labda msomaji mwingine atasema: Hayo ni ya zamani. Siku hizi tuna gesi, tena tuna bwawa jipya kubwa.

Ni kweli, na tushukuru. Gesi ya Songo Songo ilianza kuendesha mitambo ya Dar es Salaam mwaka 2004, na mwaka 2015 bomba jingine kubwa likaleta gesi kutoka Mtwara. Gesi haingoji mvua. Kwa miaka kadhaa ndiyo iliyoshika nafasi ya kwanza, na bila hiyo mwaka 2015 ungalikuwa wa giza hasa.

Kisha likajengwa Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji. Mitambo yake ni tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Hizo ni nyingi kuliko za mitambo yote ya nchi iliyokuwapo kabla yake. Wa kwanza ulianza kutoa umeme mwezi wa Februari 2024, na katika mwaka 2025 yote tisa ilikuwa imekamilika. Bwawa lenyewe lachukua maji karibu mara kumi ya Mtera.

Lakini ndugu zangu, tazameni vizuri. Kwa bwawa hili tumerudi tena kuitegemea mvua, na kwa kiasi kikubwa kuliko zamani. Na maji yake ni yapi? Ni ya Mto Kilombero, uletao zaidi ya nusu, ya Luwegu, na ya Ruaha Mkuu ule ule, ambao ukiisha kufanya kazi Mtera na Kidatu waenda kufanya kazi ya tatu huko. Kwa hiyo kijito kimoja cha Uporoto sasa huzungusha magurudumu mara tatu. Ukikiua, umezima taa mara tatu.

Na wala tusifikiri kwamba ghala kubwa haliishi. Tutazame jirani zetu wa Zambia na Zimbabwe. Wao wana bwawa la Kariba katika Mto Zambezi, ambalo ukuta wake ulimalizika mwaka 1959. Ziwa lile, likijaa, lina maji mara tano ya bwawa letu la Rufiji, na kwa wingi wa maji ndilo kubwa kuliko mabwawa yote yaliyojengwa na watu duniani. Lakini mvua za mwishoni mwa 2023 na mwanzo wa 2024 zilikuwa haba sana katika sehemu kubwa ya nchi zile. Mahindi yakakauka shambani, na mwezi wa Februari 2024 serikali ya Zambia ikatangaza ukame kuwa janga la taifa. Maji ya kuzungushia mitambo ya Kariba yakakaribia kwisha. Jamaa za mjini wakapata umeme kwa saa chache tu kwa siku, na siku nyingine hawakupata kabisa. Vinyozi, wachomeleaji, wenye mashine za kusaga na wauza nyama wakakosa kazi. Chakula kilipopungua, umeme nao ulipungua, kwa sababu vyote viwili ni watoto wa mvua moja.

MKAA NA MDUARA WAKE

Liko jambo moja zaidi, nalo latugusa sisi wa vijijini moja kwa moja. Umeme ukikosekana mjini, aliyekuwa akipika kwa umeme hurudi kwenye jiko la mkaa. Na mkaa watoka wapi? Watoka msituni kwetu. Lori huja usiku, magunia hupakiwa, nasi twapata fedha kidogo. Miti ya kilimani huisha. Masika yakija, mvua huipiga ardhi iliyo uchi, na maji badala ya kuzama na kuilisha chemchemi, huteremka mbio na udongo wetu. Udongo huo huingia mtoni, hata mabwawani, ukakaa chini na kupunguza nafasi ya maji. Kiangazi kikija, chemchemi imekauka. Maji yapunguapo, umeme hupungua. Umeme ukipungua, mkaa hutakiwa zaidi. Huo ni mduara, na kila tuuzungukapo twabaki na kilima chenye upara.

TUFANYE NINI?

Hatuwezi kuleta mvua kwa amri. Lakini yapo mambo yaliyo ndani ya uwezo wa mikono yetu.

Kwanza, tuheshimu chemchemi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kufanya kazi yenye kudhuru ndani ya meta 60 kutoka kwenye chanzo cha maji au ukingo wa mto. Meta 60 ni hatua themanini hivi za mtu mzima. Nenda ukapime. Kama bustani yako imeingia ndani, irudishe nyuma kabla hujaja kuamriwa. Mahali hapo pandeni miti ya asili ipendayo maji, ambayo wazee wa kijiji waijua kwa majina. Msipande mikaratusi kando ya chemchemi, maana huinywa kama mlevi.

Pili, kwa wenye mashamba ya kumwagilia: Fungeni mfereji msipouhitaji. Maji ya usiku yasiyo na kazi yarudi mtoni. Wakulima wengi sasa wamejifunza kilimo shadidi cha mpunga, ambacho hupanda mche mmoja mmoja kwa nafasi, na shamba hulowanishwa na kukaushwa kwa zamu badala ya kujazwa maji siku zote. Maji hutumika machache, na mavuno mara nyingi huzidi. Mwulizeni bwana shamba wenu.

Tatu, jiungeni na jumuiya ya watumia maji ya mto wenu. Huko ndiko wa juu na wa chini hukaa pamoja na kupanga zamu. Ugomvi wa maji hauishi kwa mapanga mfereji ukikauka. Huisha kwa mazungumzo yaliyofanywa wakati maji bado yapo.

Nne, mama wa nyumbani, tumia jiko lisilokula mkaa mwingi, na zima taa usipoihitaji. Utasema: Taa yangu moja yafaa nini? Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho hicho hutoboka kwa haba na haba.

Tano, mkisikia zamu za umeme zimetangazwa, msingoje. Sageni unga wa majuma mawili siku umeme upo, mkauhifadhi mahali pakavu. Mwenye mashine naye, kama bado ana injini yake ya zamani ya dizeli, asiiuze kama chuma chakavu. Na wanakamati wa zahanati waulize mapema: Umeme ukikatika siku nzima, chanjo zitatunzwaje? Swali hilo likiulizwa leo ni busara. Likiulizwa chanjo zimekwisha haribika, ni majuto tu.

Sasa turudi kwa mama yule aliyeuliza, "Bwawa gani?" Mama, kwenu hakuna bwawa, ni kweli. Lakini nyuma ya kilima chenu kuna kijito, na kijito hicho huenda kwenye mto, na mto huenda kwenye bwawa. Wewe na jirani zako ndio walinzi wa mlango wa kwanza wa ghala. Jumamosi hii waite wanao, mwende wote mpaka kwenye chemchemi mchotako maji. Tazameni ilivyokuwa na ilivyo sasa. Hesabuni miti iliyobaki. Kisha, kabla ya masika kuanza, pandeni mingine.